Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu seli na molekuli za kinga ya mwili

Kinga ya mwili iko sehemu gani hasa?

Haina kiungo kimoja kama ilivyo kwa moyo au figo. Seli zake karibu zote huzaliwa kwenye uboho wa mifupa. Seli B, ambazo hutengeneza kingamwili (protini zinazoshika vijidudu), hukomaa humohumo, ilhali seli T, ambazo huua seli zilizoambukizwa au kusaidia seli nyingine za kinga, huhamia kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Thaimasi huwa kubwa utotoni, kisha husinyaa na nafasi yake kujaa mafuta kadiri miaka inavyokwenda. Kazi yake ilifahamika mwaka 1961, Jacques Miller alipoiondoa kwa panya wachanga na kuona wanakua na upungufu mkubwa wa limfosaiti (kundi lenye seli B na seli T), na hawawezi hata kukataa ngozi ya panya wengine wakipandikizwa.

Zikishakomaa, seli hizi huzunguka kati ya damu, wengu, tezi za limfu na ukuta wa utumbo. Wengu huchuja damu. Tezi za limfu huchuja majimaji yanayorudi kutoka kwenye tishu.

Majibu ya kipimo cha damu yana aina tano za chembe nyeupe. Kila moja ina kazi gani?

Kwa mtu mzima, jumla ya kawaida ni takriban 4,000 hadi 11,000 katika kila mikrolita ya damu. Nyutrofili ndizo nyingi zaidi, asilimia 40 hadi 70. Humeza bakteria na kuvu, na idadi yake hupanda upesi maambukizi ya bakteria yakiingia. Limfosaiti, asilimia 20 hadi 40, ni seli B, seli T na seli NK (wauaji wa asili) kwa pamoja. Monosaiti hupita tu kwenye damu. Zikiingia kwenye tishu, nyingi hugeuka kuwa makrofaji, seli kubwa zinazomeza vijidudu. Esinofili huongezeka mtu akiwa na minyoo ya tishu au mzio. Basofili hazifiki hata asilimia 1.

Kosa linalorudiwa sana ni kusoma asilimia na kuacha idadi kamili. Chukua mtu mwenye jumla ya 2,000, limfosaiti asilimia 60 na nyutrofili asilimia 30. Limfosaiti zinaonekana zimepanda, lakini ukipiga hesabu ni 1,200, ambayo ni kawaida. Tatizo liko kwenye nyutrofili: 600 tu. Zikishuka chini ya 500, homa ya nyuzi 38 ni dharura hata kama mgonjwa hana dalili nyingine yoyote. Bila nyutrofili hakuna usaha wala uvimbe wa kuonyesha maambukizi yalipo, kwa hiyo kidonda kinaweza kuonekana kisafi wakati bakteria wameshaingia kwenye damu.

Mwili unajuaje kwamba kilichoingia si chake?

Kwa njia mbili zinazofanya kazi tofauti kabisa. Ya kwanza tunazaliwa nayo tayari. Seli kama makrofaji zina vipokezi vilivyoandikwa kwenye jeni tangu awali, na kila kipokezi hutambua kitu ambacho kundi zima la vijidudu haliwezi kuishi bila hicho. Binadamu ana vipokezi 10 vya jamii ya Toll. TLR4 hutambua lipopolisakaraidi ya ukuta wa baadhi ya bakteria, TLR5 hutambua protini ya mkia wao wa kuogelea, na TLR3 hutambua RNA ya nyuzi mbili ambayo virusi vingi huitengeneza vinapozaana. Kijidudu hakiwezi kujificha kirahisi kwa kubadilisha sehemu hizo, maana kikizibadilisha kinajiua.

Mfumo huohuo husikia pia dalili za seli zilizopasuka, na hata fuwele za asidi ya yuriki. Ndiyo maana kiungo chenye gauti, yaani kilichojaa fuwele hizo, huvimba, huwaka na kuuma kama chenye maambukizi, na hakuna kijidudu hata kimoja ndani yake.

Njia ya pili, ya seli B na seli T, hutengeneza vipokezi kwa bahati nasibu kisha huchuja. Hiyo tumeieleza mbele.

Nini hutokea katika saa za kwanza baada ya ngozi kuchomwa na kitu kichafu?

Dakika za mwanzo, seli masti zilizo kandokando ya mishipa midogo humwaga histamini. Mishipa hupanuka na kuvuja majimaji: wekundu, joto, uvimbe. Makrofaji zinazoishi hapo humeza wanachoweza kufikia na kutoa sitokaini (protini za kupelekeana ujumbe kati ya seli), hasa TNF na interlukini-1, pamoja na interlukini-8 inayoita nyutrofili.

Kuziita tu hakutoshi, kwa sababu damu inakwenda kasi. Sitokaini huufanya ukuta wa ndani wa mshipa utoe molekuli za selektini, ambazo hushika nyutrofili kwa ulegevu hadi zianze kubingirika taratibu ukutani. Kisha integrini za nyutrofili hukaza mshiko, seli inasimama na kujipenyeza kati ya seli za mshipa. Saa chache baadaye eneo limejaa nyutrofili. Kila moja humeza bakteria, huwafungia ndani ya kifuko, na kuwaunguza kwa kemikali za oksijeni na kwa vimeng'enya. Nyingi hufia hapohapo. Usaha ni mizoga yao. Uboho hufidia kwa kutoa takriban nyutrofili bilioni 100 kila siku.

Kila hatua ina ugonjwa wake ikikosekana. Mtoto asiye na integrini sahihi hupata maambukizi yasiyotoa usaha, na kitovu chake huchelewa kudondoka, mara nyingi kupita wiki nne, huku nyutrofili zikiwa nyingi mno kwenye damu kwa sababu hazina njia ya kutoka. Asiye na kimeng'enya cha kutengeneza kemikali za oksijeni humeza bakteria vizuri lakini hawaui, na hujikuta na majipu yanayojirudia kwenye ini, ngozi na mapafu.

Komplimenti ni nini?

Ni kundi la protini zaidi ya 30, nyingi hutengenezwa na ini na kuelea kwenye damu zikiwa zimelala. Kiini chake ni C3. Ikikatwa hutoa C3b, inayojibandika kwenye bakteria kama alama ya "mmeze huyu", na C3a, inayochochea uvimbe. Mnyororo ukiendelea, protini C5b hadi C9 hujipanga na kutoboa utando wa bakteria tundu la upana wa takriban nanomita 10.

Mtu asiye na moja ya hizo za mwisho kwa kawaida hana shida kubwa, isipokuwa homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria aitwaye meningokoka, na huweza kuipata zaidi ya mara moja. Mgonjwa aliyeirudia anastahili kupimwa komplimenti. Hatua hii husahaulika mno.

Homa inatoka wapi, na inafaa kushushwa?

Interlukini-1, interlukini-6 na TNF huufikia ubongo na kusababisha haipothalamasi itengeneze prostaglandini E2, ambayo hupandisha kiwango cha joto kinacholengwa. Mwili huhisi baridi ingawa joto ni la kawaida, hivyo mtu hutetemeka hadi afikie kiwango kipya. Ibuprofeni huzuia utengenezaji wa prostaglandini, na parasetamoli hufanya kazi kwenye njia hiyohiyo.

Dawa hizi humpa mgonjwa nafuu, haziui kijidudu. Kama mtu anakunywa, analala na hateseki, namba ya kipimajoto peke yake si sababu ya kumpa dawa. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye nyuzi 38 ni jambo jingine: apelekwe kwa mganga mara moja, dawa au bila dawa.

Interlukini-6 huliagiza pia ini litoe CRP, protini inayopimwa kwenye damu kuonyesha uvimbe au maambukizi. Huanza kupanda baada ya saa 6 hivi na kufika kilele karibu na siku ya pili. Anayepima saa mbili tu baada ya homa kuanza anaweza kupewa jibu la kumdanganya. Kichocheo kikiisha hupungua nusu kila baada ya saa 19 hivi, kwa hiyo kurudia kipimo baada ya siku mbili husema mengi kuliko kipimo kimoja.

Kwa nini kingamwili huchukua siku nyingi kutokea?

Kwa sababu mwanzoni seli zinazofaa ni chache mno. Kwa antijeni yoyote mpya (kitu ambacho kinga hukitambua, kama kipande cha kijidudu), ni takriban seli T moja kati ya 100,000 hadi milioni moja inayoweza kuitambua, na haiko kwenye kidonda. Seli dendritiki ndiyo hutatua hilo. Humeza kijidudu kwenye tishu, husafiri na limfu hadi kwenye tezi, na huko huonyesha vipande vyake kwa maelfu ya seli T zinazopita. Ralph Steinman aliielezea seli hii mwaka 1973 na kutunukiwa Nobeli mwaka 2011.

Seli T inayolingana ikipatikana hukaa, huamshwa na kuanza kugawanyika mara kadhaa kwa siku. Seli B nazo hupita njia kama hiyo na nyingi huhitaji msaada wa seli T. Hesabu hiyo yote hufanya kingamwili za kwanza zionekane baada ya siku 5 hadi 10. Mkutano wa pili na kijidudu kilekile hujibiwa kwa siku 1 hadi 3, na kingamwili huwa nyingi na zenye mshiko bora.

CD4 na CD8 zinatofautianaje?

Ni majina ya aina kuu mbili za seli T, kwa kufuata molekuli iliyo juu yake. Seli T haioni kijidudu kizima. Huona kipande kifupi cha protini kilichobebwa na molekuli ya HLA juu ya seli nyingine. HLA za daraja la kwanza ziko karibu kwenye kila seli yenye kiini na hubeba vipande vya asidi amino 8 hadi 10 vilivyotengenezwa ndani ya seli hiyo. Hizo husomwa na CD8. Daraja la pili ziko hasa kwenye seli dendritiki, makrofaji na seli B, hubeba vipande virefu zaidi vya vitu vilivyomezwa, na husomwa na CD4.

Mgawanyo huo una mantiki. Seli inayotengeneza protini ya kirusi imeshapotea, na CD8 huiua: hutoboa utando wake kwa peforini na kuingiza granzimu zinazoiamrisha ijiue kwa utaratibu, bila kupasuka na kumwaga virusi. Seli iliyomeza tu kitu haina kosa, hivyo CD4 huipa msaada. Seli nyekundu za damu hazina kiini wala HLA ya kawaida, na vimelea vya malaria vikiwa ndani yake CD8 hazivioni.

Virusi kadhaa huficha HLA za seli vilizoziingia. Hapo ndipo seli NK huingia: zenyewe hupekua seli isiyo na HLA na kuiua kwa kukosa kitambulisho.

Je, seli T ikitambua antijeni inashambulia moja kwa moja?

Hapana, na hili ndilo watu wengi hawalijui. Inahitaji ruhusa ya pili. Seli dendritiki iliyohisi hatari kupitia vipokezi vya Toll hutoa molekuli za B7, zinazogusa CD28 kwenye seli T. Antijeni bila B7 huifanya seli T ilale na isiamke hata ikikutana na antijeni ileile baadaye. Kwa njia hii, seli T inayotambua tishu yetu wenyewe hunyamazishwa, kwa kuwa tishu yenye afya haina dalili za hatari.

Kichochezi kinachowekwa kwenye chanjo nyingi, kwa mfano chumvi za aluminiamu, kazi yake ni hiyohiyo: kuleta dalili ya hatari pamoja na antijeni. Protini safi peke yake mara nyingi hupuuzwa.

Kuna breki pia. CTLA-4 hunyang'anya B7, na PD-1 huizima seli T iliyochoka. Baadhi ya saratani hubonyeza PD-1 ili zisishambuliwe, na dawa za kuzuia breki hizo ziliwapa James Allison na Tasuku Honjo Nobeli ya mwaka 2018. Madhara yake yanatabirika: ukiondoa breki, seli T huweza kushambulia utumbo, tezi ya thairoidi iliyo shingoni, mapafu au ini. Anayetumia dawa hizi akianza kuhara mfululizo asidhani ni chakula tu. Awasiliane na wanaomtibu.

Tuna jeni takriban 20,000 za protini. Mamilioni ya kingamwili tofauti yanatoka wapi?

Jeni ya kingamwili haipo ikiwa nzima. Kila seli B changa huchagua vipande, hukata DNA yake na kuviunganisha. Kingamwili ina minyororo ya protini ya aina mbili, mzito na mwepesi. Mnyororo mzito huchukua kipande kimoja kati ya takriban 40 vya kundi V, kimoja kati ya 23 vya kundi D, na kimoja kati ya 6 vya kundi J: michanganyiko kama 5,500. Mnyororo mwepesi huongeza kama 320. Ukizidisha unapata karibu milioni 1.8. Kisha mahali pa kuunganishia, herufi za DNA huongezwa na kupunguzwa ovyo, na idadi inayowezekana inapaa kupita mabilioni mengi. Susumu Tonegawa alipata Nobeli ya mwaka 1987 kwa kugundua upangaji huu.

Kazi haiishii hapo. Seli B iliyoamshwa huingia kwenye kituo maalumu ndani ya tezi ya limfu na kubadilisha makusudi sehemu ya jeni inayoshika antijeni. Mabadiliko mengi huiharibu, machache huboresha mshiko. Zinazoshika vizuri ndizo hupata msaada wa seli T na kuendelea, nyingine hufa. Baada ya wiki kadhaa kingamwili hushika antijeni kwa nguvu mara nyingi zaidi ya za mwanzo. Hii ni sababu mojawapo ya kuacha angalau wiki nne kati ya dozi nyingi za chanjo za watoto: dozi ya pili ikiwahi sana haikuti seli zilizokwisha kuchujwa.

Kipimo kinasema IgM chanya, IgG hasi. Maana yake?

IgM na IgG ni aina mbili za kingamwili. Kwa kawaida jibu hilo ni maambukizi ya karibuni. IgM hutangulia: vipande vitano vya umbo la Y vilivyounganishwa, mahali 10 pa kushikia, mshiko dhaifu mmoja mmoja lakini imara kwa pamoja. IgG hufuata na kubaki. IgG chanya peke yake humaanisha maambukizi ya zamani au chanjo. Ila IgM ina tabia ya kutoa jibu la uongo, na kwa maambukizi mengine hudumu miezi, kwa hiyo usifanye uamuzi mzito, hasa katika ujauzito, kwa kipimo kimoja. Rudia baada ya wiki mbili uone kama IgG imetokea.

IgG ya mama hupita kondo la nyuma; IgM haipiti. Kutokana na hilo, IgM kwenye damu ya mtoto mchanga ni ya mtoto mwenyewe, na IgG inaweza kuwa ya mama. Mtoto wa mama mwenye VVU anaweza kuonyesha kingamwili hadi miezi 18 bila kuambukizwa, na ndiyo sababu hupimwa kirusi chenyewe kwa PCR.

Aina nyingine, IgA, hulinda utando wa njia ya hewa na utumbo, na ndiyo nyingi kwenye maziwa ya mama. IgE iko kidogo sana kwenye damu, na ina swali lake hapa chini.

Kwa nini chanjo nyingine hudumu na nyingine hurudiwa?

Inategemea vitu vitatu: chanjo ilivyoamsha seli, kijidudu kinavyobadilika, na kasi ya ugonjwa. Seli za plazma (seli B zilizogeuka viwanda vya kingamwili) zinazohamia kwenye uboho hutoa kingamwili kwa miaka mingi, na chanjo hai ya surua hutengeneza nyingi za aina hiyo. Sumu ya pepopunda haisubiri seli za kumbukumbu ziamke, kwa hiyo kingamwili lazima ziwe tayari kwenye damu, na dozi za kuongezea zinahitajika. Mafua hubadilisha protini zake za nje kila mara. Kumbukumbu ipo, ila ni ya sura ya zamani.

Chanjo ya surua haitolewi kwa kawaida kabla ya miezi 9 kwa sababu IgG za mama huua kirusi cha chanjo kabla hakijaamsha chochote. Na watoto wa chini ya miaka miwili hawaitikii vizuri sukari za ganda la bakteria, kwani seli T haisomi sukari. Wataalamu hubandika sukari hiyo kwenye protini: seli B hushika sukari, humeza vyote, huonyesha protini, na kupata msaada wa CD4.

Ni kweli surua hufuta kinga ya magonjwa mengine?

Ndiyo, kwa kiasi. Kirusi chake huingia kupitia CD150, molekuli iliyo kwenye limfosaiti za kumbukumbu, na kuziua. Mtoto hupona na kinga imara ya surua, lakini amepoteza sehemu ya kumbukumbu aliyokuwa amejenga. VVU huchagua seli nyingine, CD4, ambazo kawaida ni 500 hadi 1,500 kwa mikrolita. Chini ya 200, maambukizi ambayo makrofaji na CD8 hudhibiti kwa msaada wa CD4 hujitokeza, kama vile nimonia ya kuvu ya Pneumocystis.

Kwa nini mzio hautokei mara ya kwanza?

Mara ya kwanza mwili hutengeneza tu IgE, ambayo hujibandika kwenye seli masti na kukaa huko. Mkutano unaofuata, antijeni huunganisha IgE mbili jirani na seli humwaga histamini papo hapo. Mwili mzima ukihusika, shinikizo la damu hushuka na koo kubana. Tiba ni adrenalini ndani ya msuli wa nje wa paja: miligramu 0.01 kwa kila kilo, isizidi 0.5 kwa mtu mzima, na kurudiwa baada ya dakika 5 kama hakuna nafuu. Vidonge vya kuzuia histamini hupunguza mwasho. Havifungui koo, na kuvitegemea ni kosa linaloua.

Kinga huanzaje kushambulia mwili wenyewe?

Vipokezi vinatengenezwa ovyo, hivyo vinavyotambua mwili lazima vitokee. Thaimasi huua seli T nyingi za namna hiyo. Ni takriban asilimia 2 hadi 5 tu ya seli zinazoanza humo ndizo hutoka. Zinazoponyoka hudhibitiwa na seli T za udhibiti, zinazoendeshwa na jeni FOXP3. Shimon Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walitunukiwa Nobeli ya mwaka 2025 kwa kazi hiyo. Mtoto wa kiume aliyezaliwa na FOXP3 mbovu hupata kisukari, kuhara na ukurutu katika miezi ya mwanzo.

Basi nitumie nini kuongeza kinga?

Swali lenyewe lina kasoro. Kinga iliyoongezwa kila upande ni mzio, gauti na viungo vinavyojila. Upungufu halisi wa protini, zinki au vitamini A hudhoofisha kinga, na kuuziba husaidia. Asiye na upungufu hapati faida ya maana kwa kuzidisha, na vitamini A nyingi ni sumu kwa ini na kwa mimba. Kitu pekee kinachoongeza kinga dhidi ya ugonjwa fulani kwa uhakika ni chanjo ya ugonjwa huo.

Tezi ya shingo imevimba. Ni hatari?

Mara nyingi ni seli B na T zinazogawanyika: tezi huuma, ni laini, husogea, na hupungua baada ya wiki mbili au tatu. Iliyo ngumu, isiyouma, isiyosogea, iliyodumu zaidi ya wiki nne, au iliyo juu ya mfupa wa mtulinga, ipimwe.

Natumia predinisoloni. Kwa nini chembe nyeupe zimepanda badala ya kushuka?

Predinisoloni ni steroidi, na steroidi hubandua nyutrofili zilizokuwa zimeshika kuta za mishipa, nazo huhesabiwa kwenye damu. Ni nyingi kwenye kipimo na chache kwenye tishu. Limfosaiti, kinyume chake, hushuka. Anayetumia miligramu 20 au zaidi kwa siku kwa wiki mbili au zaidi asipewe chanjo hai hadi angalau mwezi mmoja baada ya kuacha. Na asiache ghafla: tezi za adrenali zimelala, zinahitaji dozi ipunguzwe polepole ili zianze tena kutengeneza kotisoli.